Asilimia Ikishuka, Nani Kapata Kazi?

Mwaka 2006, Utafiti wa Watu Wenye Uwezo wa Kufanya Kazi ulikuta asilimia 11.7 ya nguvukazi ya Tanzania Bara haina ajira. Mwaka 2014 kiwango kilikuwa asilimia 10.3, na mwaka 2020/21 kikakaribia 9. Msomaji wa magazeti atasema uchumi unapona, na huenda ni kweli. Lakini kwa mahali kama Kingolwira, kata iliyo mashariki mwa mji wa Morogoro kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam, tarakimu hiyo peke yake haithibitishi jambo hilo. Maskini hamudu kukaa bila kazi. Kwa kipimo cha kimataifa, aliyejipatia chochote kwa kufanya kazi hata saa moja katika wiki inayoulizwa huhesabiwa ameajiriwa. Tazama matokeo ya mwaka huohuo wa 2006: Dar es Salaam asilimia 31.5 hawakuwa na ajira, miji mingine 16.5, vijijini 7.5. Je, kijijini kulikuwa na neema mara nne ya Dar? Kulikuwa na jembe, na mwenye jembe haandikwi kuwa hana kazi.

Morogoro inalijua jambo hili kuliko miji mingi. Ulikuwa mji wa viwanda: viatu, ngozi, turubai, nguo. Kiwanda cha viatu, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, hakikuwahi kuzalisha zaidi ya sehemu ndogo ya uwezo wake, na mwaka 1990 kilifungwa. Fundi aliyepoteza mshahara akafungua genge la nyanya na ndizi za Uluguru bado ni mwajiriwa kitakwimu. Mshahara, likizo na mafao vimetoweka, lakini asilimia ya wasio na ajira haikutikisika.

Atatokea wa kusema kwamba genge nalo ni kazi, na kulidharau ni majivuno ya wenye ofisi. Sina ubishi: genge limesomesha watoto wengi. Swali hapa ni kama uchumi unapona, na kupona hupimwa kwa mwelekeo: je, watu wanatoka kwenye vibarua kwenda kwenye mikataba, au kinyume chake? Mtakwimu naye atanikumbusha kwamba fasili ya kitaifa huwahesabu pia walio tayari kufanya kazi ingawa wameacha kuitafuta, hata wenye shughuli isiyo na uhakika wa kesho. Ni marekebisho ya busara, ndiyo maana kiwango chetu cha kitaifa huwa juu ya kile cha kimataifa. Hata hivyo hayasemi kibarua alilipwa kiasi gani.

Kuna kasoro nyingine, nayo ni ya muda. Marekani huhoji kaya zipatazo 60,000 kila mwezi. Aprili 2020 ukosefu wa ajira ulipopanda hadi asilimia 14.7, wananchi walijua mapema Mei. Sisi tulipima 2006, kisha 2014, kisha 2020/21. Mtikisiko unaweza kuja na kuondoka katikati ya tafiti mbili bila kuacha alama. Treni ya reli ya kisasa (SGR) ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024. Utafiti wa 2020/21 hauwezi kusema lolote kuhusu ajira ilizoleta au ilizoondoa kwenye mabasi.

Utafiti wa kila mwezi ni ghali, na sampuli ya kitaifa haishuki hadi kwenye kata. Lakini michango ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) hukusanywa kila mwezi, na idadi ya wachangiaji mkoani ingeonyesha mapema kama mishahara inaongezeka, ingawa wenye magenge wengi hawamo. Vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, vilivyoanza kutolewa mwishoni mwa 2018 kwa shilingi 20,000, vina udhaifu wa upande wa pili: idadi yake inaweza kupanda kwa sababu biashara imechangamka, au kwa sababu kiwanda kimepunguza watu. Madaftari hayo mawili yasomwe pamoja. Wachangiaji wakipungua huku vitambulisho vikiongezeka, Kingolwira haijapona, hata kama asilimia ya taifa imeshuka.