Simu Inajua Kijana Yuko Wapi, Haijui Anafanya Nini

Tuseme mtafiti amefika Zombe. Anataka kujua vijana wetu wa miaka 13 hadi 17 wanavyotumia siku yao. Anaomba kuweka programu ndani ya simu zao, iwafuate asubuhi hadi usiku. Je, tukubali?

Kwanza tuelewe kazi yenyewe. Smatifoni hupokea mawimbi ya setilaiti zilizo juu zaidi ya kilomita 20,000, ikapiga hesabu ya mahali ilipo, hata bila kredito. Programu huandika mahali na saa, kisha humtumia mtafiti kwa intaneti. Mulika-mwizi nayo huonekana, ila kwa mnara ulio karibu tu.

Jambo hili si geni Kenya. Kati ya Juni 2008 na Juni 2009, mienendo ya simu karibu milioni 15 ilifuatwa kwa minara, bila majina ya wenyewe. Matokeo yalitoka 2012, yakaonyesha jinsi wasafiri wanavyobeba malaria kutoka sehemu za Ziwa Victoria hadi Nairobi. Kwa hivyo faida ipo.

Lakini simu ikionyesha binti amekaa saa nzima mtoni, je, anacheza? Kumbe anachimba mchanga apate maji, na foleni ni ndefu! Na yule mchunga mbuzi asiye na simu hahesabiwi kabisa. Mtafiti asipoketi na vijana awaulize, ataandika uongo bila kukusudia. Tena habari hizo zikifikia mtu mbaya, atajua binti hupita wapi na saa ngapi.

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inatusaidia. Habari za mtoto zisichukuliwe bila idhini ya mzazi au mlezi, na lazima zimfae mtoto mwenyewe. Idhini ukishaitoa, unaweza kuiondoa. Mwaka 2023, shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi.

Basi kwenye mwethya, kabla ya kutia sahihi, tuulize:

1. Habari hizi ni za kazi gani, na nani ataziona?
2. Zitafutwa lini?
3. Bando analipa nani?
4. Wasio na simu watasikizwa vipi?
5. Matokeo yataletwa hapa kwetu?

Na tusisahau kumwuliza kijana mwenyewe. Siku ni yake.