Vital'O, mwenyeji aliyepokea wageni ugenini

WAHENGA walisema mcheza kwao hutunzwa. Je, anayecheza kwao huku akiwa kwa watu, atunzwe na nani?

Swali hilo lilinijia Agosti 17, 2024, nikiwa kwenye kibanda cha kuonyesha mpira hapa Cibitoke, kaskazini mwa Bujumbura. Nasema Cibitoke hii ya mjini, jirani na Kamenge, Kinama na Ngagara, si ile ya bonde la Rusizi. Vital'O, mabingwa wa Burundi, walikuwa wenyeji wa Yanga katika Ligi ya Mabingwa Afrika. Wenyeji kwa jina tu. Mechi ilichezwa Azam Complex, Chamazi, Dar es Salaam, kwa kuwa uwanja wetu wa Intwari haukuwa umepitishwa na CAF.

Pembeni yangu alikaa mwanangu, kavaa jezi ya njano na kijani. Alizaliwa kambini Mtabila, wilayani Kasulu, na mpira aliujulia kwenye redio za Tanzania. Mimi nilivaa shati la zambarau, rangi ambayo Vital'O huvaa pamoja na nyeupe. Watu kibandani walicheka sana kutuona.

Klabu hii ina historia ndefu. Ilianza miaka ya 1950 ikiitwa Rwanda Sport, ikapitia majina mengine kabla ya kuwa Vital'O katika miaka ya 1970. Sisi watoto wa Cibitoke hatukuyajua hayo. Tulichojua ni kwamba Vital'O ikishinda, mtaa haulali.

Mwaka 1992 mtaa haukulala kweli. Vital'O ilifika fainali ya Kombe la Washindi Afrika, jambo ambalo hakuna aliyelitegemea kwa nchi ndogo kama yetu. Mechi ya kwanza ilichezwa hapa hapa Bujumbura dhidi ya Africa Sports ya Abidjan, ikaisha 1-1. Sikuwa na fedha ya kiingilio, nikaisikiliza redioni kwa jirani, tumejazana hadi barazani. Kule Abidjan tukafungwa 4-0. Tulilia, lakini tulijipa moyo kuwa mwakani tutarudi.

Mwakani haikuwa ya mpira. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, vita ikaingia, na mitaa yetu ya kaskazini ikagawanyika kwa makabila. Vijana tuliokuwa tukigawana mpira mmoja wa matambara hatukuweza tena kuvuka barabara kwenda mtaa wa pili. Familia yangu ilikimbilia Kigoma.

Kambini nilijifunza jambo moja: mchezaji huvuka mpaka kwa urahisi kuliko mkimbizi. Shabani Nonda, mzaliwa wa Bujumbura aliyepitia Vital'O, alikwenda Yanga miaka hiyo ya 1990. Kutoka hapo akaenda Afrika Kusini, kisha Ulaya, na mwaka 2004 akacheza fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya akiwa na Monaco. Watanzania walipomsifu, mimi nilikuwa nawaambia kwa kiburi: "Huyo ametoka kwetu." Ilikuwa njia yangu pekee ya kusema kwamba na mimi ninako nilikotoka.

Mtabila ilifungwa mwishoni mwa 2012, tukarudi. Wenzangu mliorudi mnajua: unaitwa mtu wa Tanzania kwenu, kama ulivyoitwa Mrundi kule. Lakini katikati ya 2013 Vital'O ilikwenda Sudan kwenye Kombe la Kagame, ikaifunga APR ya Rwanda 2-0 katika fainali na kulitwaa. Siku ile nilikumbatiwa na watu ambao hawakuwa wamenisalimu tangu nirudi. Marafiki wa Kigoma walinipigia simu wakitania kwamba tumeshinda kwa kuwa Simba na Yanga hawakwenda. Ni kweli hawakwenda, kwa ajili ya usalama wa Darfur. Lakini kombe ni kombe.

Mwaka huo huo Simba wakamchukua mfungaji wetu Amissi Tambwe. Baadaye naye akahamia Yanga, kama ambavyo Saidi Ntibazonkiza, mtoto mwingine wa Vital'O, alivyokuja kuzichezea zote mbili. Ninyi mnaovusha mizigo mnaifahamu biashara hii: tunauza mbichi, kisha tunalipa kiingilio kuitazama ikiwa imepikwa.

Turudi kibandani. Vital'O ilifungwa 4-0 ikiwa "mwenyeji". Wiki moja baadaye, mjini Dar es Salaam vilevile, ikafungwa 6-0. Jumla mabao 10-0. Nilimsubiri mwanangu aanze kunicheka. Hakucheka.

"Baba," aliniuliza tukirudi nyumbani, "hivi kwa nini mechi yao ya nyumbani walichezea Dar?"

"Hawakuwa na uwanja unaokubalika."

Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi ni kama sisi Mtabila."

Sikuwa na la kuongeza. Yanga ilikuwa bora mno, na hata Intwari huenda tungefungwa. Lakini kuna kufungwa mbele ya watu wako, na kuna kufungwa ukiwa mpangaji. Klabu iliyofika fainali ya Afrika mwaka 1992 inastahili uwanja wa kupokelea wageni wake. Wenye fedha na madaraka wasikie. Nasi wa kawaida tuna la kufanya: anayetoka Kigoma na mzigo wa biashara, aingize na mpira mmoja wa watoto ndani yake.

Mwanangu bado ni Yanga, simlaumu. Ila jioni hucheza na vijana wa hapa mtaani, na siku hizi hawamwiti tena mtu wa Tanzania. Wanamwita beki.