Siku ya soko: nani anajua pesa ya nyumba?

Siku ya soko inapofika, mama anachukua kitunga, mtoto anabeba bidoni ya mafuta, na baba anauliza: "Ile pesa ya juzi imekwisha?" Katika nyumba nyingi za Masisi na Walikale magomvi ya juma yanaanzia hapo. Basi tuongee kidogo juu ya soko.

Soko letu si mahali pa kununua tu. Milima ya Masisi inatoa viazi, maharagi, maziwa na furomaji. Msitu wa Walikale unatoa mafuta ya ngazi, ndizi na mihogo. Mtu wa milimani anamuhitaji mtu wa msituni. Ni sokoni pia tunasikia nani amezaa, nani anagonjwa, barabara gani imefungwa. Kiliya mwaminifu anaongezewa kiganja kimoja juu ya kopo. Akikosa pesa leo, anaambiwa: "Beba tu, mama, utaleta kesho." Nyongeza hiyo haiandikwi popote, lakini ni mali.

Sasa tuangalie penye machimbo. Kule Bisie, Walikale, watu walianza kuchimba kasiterite karibu mwaka 2002. Unga, chumvi na sabuni viliingia juu ya migongo ya watu, kwa njia ya msitu, na kila mwendo uliongeza bei. Mchimbaji asiye na makuta anakula kwa deni, halafu analipa kwa mawe. Unaona hatari yake? Bei ya unga na bei ya mawe zinawekwa na mtu mmoja. Anayekudai ndiye anayekupimia! Mtu anachimba mwezi mzima, na nyumbani hakufiki hata kopo moja ya chumvi.

Tena mawe yanaweza kusimama. Septemba 2010 Serikali ilifunga uchimbaji katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema mpaka Machi 2011. Ndege zilizokuwa zikitua juu ya barabara kule Kilambo, zikileta bidhaa na kurudi na kasiterite, zikapungua. Mawe hayapikwi, msomaji. Anayeacha shamba lote kwa ajili ya machimbo, siku hiyo atakula nini?

Hata noti zinaweza kukosekana. Januari 2025 benki za Goma zilifunga milango. Franga zikawa chache, zikachakaa, na noti iliyopasuka ikakataliwa. Siku kama hizo jina zuri sokoni linafaa kuliko mfuko.

Basi tufanye nini?

Kwanza, baba na mama wakae pamoja jioni ya kuamkia soko, wahesabu. Baba, mama hawezi kupanga makuta asiyoyajua. Mama, nawe sema bei ya kweli.

Pili, pesa ya mawe ikiingia, nunueni kwanza vitu vinavyokaa: chumvi, sabuni, maharagi, mafuta. Bia ingojee. Anayenunua kopo kopo kila jioni analipa zaidi. Wamama watatu wakiunganisha pesa, wanaweza kununua mfuko mmoja na kuugawana.

Tatu, deni la butike liandikwe mara mbili, kwa daftari ya muuzaji na kwa yako. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na deni la kulipwa kwa mawe ulikimbie kabisa. Uza mawe yako kwanza, kisha ulipe kwa makuta.

Ine, peleka mtoto sokoni, mvulana pia. Aulize bei, ahesabu chenji, asalimu wakubwa. Asiyejua bei ya maharagi atajuaje jasho la mama yake?

Na wewe unayeuza, angalia kopo yako. Kopo iliyopigwa chini ili ipokee kidogo inaiba maharagi machache kila mara, lakini inafukuza kiliya kwa siku zote. Watoto wake pia watakwenda meza ingine.

Siku ya soko inayokuja, mbele ya kufunga mlango, ulizaneni: tuna ngapi, tunadaiwa ngapi, na jirani gani hana kitu leo? Nyumba inayojibu maswali hayo matatu bila kugombana imekwisha kupata faida, hata kama kitunga hakijajaa.