Mafuta ya Karafuu Kugeuzwa Unga

Yamkini mwanachama amesikia kwamba mafuta ya karafuu hugeuzwa unga mkavu, akadhani ni hadithi. Si hadithi. Ni jamaa ya maziwa ya unga, na hati ya uvumbuzi wa kazi hii alipewa Samuel Percy huko Marekani tangu mwaka 1872.

Sababu yake ni hii: mafuta yakisha kukenekwa huruka kwa wepesi, na yakikaa wazi kwa hewa na mwanga hubadilika rangi. Tena hayachanganyiki vyema na vitu vikavu kama bizari iliyosagwa.

Basi gundi ya mgunga, ambayo nyingi yatoka Sudan, hurowekwa majini, kisha hutiwa mafuta. Kwa kawaida fungu moja la mafuta kwa manne ya gundi. Hupigwa kwa mashine hata yakawa kama tui, ila tui likiwekwa hujitenga, na hili hukaa. Hapo hurushwa kama manyunyu ndani ya pipa refu lipitishwalo hewa ya moto wa digrii 180 hivi.

Mtu atauliza: mbona mafuta yasiruke yote kwa joto lile? Mchumaji aliyelowa jasho akipigwa na upepo juu ya mkarafuu huona baridi. Tone nalo, maadamu lina maji, hupozwa na maji yale yageukayo mvuke. Nje yake hufanya ngozi ya gundi upesi sana, na ngozi hiyo yapitisha chembe za maji, zilizo ndogo, yazuia za mafuta, zilizo kubwa. Yote haya ni sekunde chache tu. Hata hivyo mafuta kidogo hupotea, na yasipopigwa sawasawa mengine hubaki nje ya ngozi yakaharibika.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapo ndipo watu huchezewa. Kwa kadiri hiyo, kilo 100 za unga hazina zaidi ya kilo 20 za mafuta. Zilizobaki ni gundi. Bei yake basi isilinganishwe na ya mafuta kilo kwa kilo. Wala mtambo hauondoi ila: mafuta yenye harufu mbaya hutoa unga wa harufu ile ile. Akija mtu kututaka tuchange fedha za mtambo kama huu, tumwulize gundi itanunuliwa kwa kiasi gani, moto utatoka wapi, na unga utawekwa wapi wakati wa masika, kwani ukiingia unyevu gundi hulainika, unga hushikana mabonge, na mafuta hutoka.