Visima vya Mtendeli na Somo Lililokosekana Vyuoni

Januari 2016 kambi ya wakimbizi ya Mtendeli, katika Wilaya ya Kakonko (iliyomegwa kutoka Kibondo) mkoani Kigoma, ilifunguliwa upya ili kupunguza msongamano wa Nyarugusu kule Kasulu, ambako Warundi waliokimbia machafuko ya 2015 walikuwa wamejazana. Iliandaliwa kwa watu wapatao 50,000. Mwishoni mwa 2021 ikafungwa, na waliobaki wakahamishiwa kambi ya Nduta.

Kwa jicho la mhandisi, huo ulikuwa mji mzima. Ulipimwa, ukachimbiwa visima, ukachongewa barabara, ukatandazwa mabomba, ukaendeshwa karibu miaka sita, kisha ukafungwa. Mji wa kawaida huhitaji miaka hamsini na zaidi ili uoneshe kilichojengwa vizuri na kilichooza mapema, lakini Mtendeli ulionesha yote katika muda ambao mwanafunzi mmoja angeweza kuanza shahada ya kwanza na kumaliza ya pili. Siku hizi kila kongamano la mustakabali wa elimu ya uhandisi huzungumzia akili mnemba na roboti. Sina ugomvi navyo. Ninachodai ni kwamba pengo kubwa la vyuo vyetu liko kwingine: tunafundisha kusanifu kitu kipya, hatufundishi kukaa nacho kinapofanya kazi, kinapochakaa na kinapobadilisha mmiliki.

Tuanze na hesabu. Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi hulenga lita 20 za maji kwa mtu kwa siku. Watu 50,000 wanahitaji lita milioni moja, yaani mita za ujazo 1,000. Tuseme, kwa mfano tu, maji yanapandishwa mita 80 kutoka kisimani hadi kwenye tangi. Kazi hiyo peke yake ni takriban uniti 220 za umeme kwa siku. Pampu na mota yake zikipoteza nusu ya nguvu, tunafika 440. Kwa jua kali la muda wa saa tano kwa siku, utahitaji paneli za kilowati 90 hivi, na zaidi ukihesabu vumbi, joto na mawingu ya masika. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anaimaliza hesabu hiyo kabla chai haijapoa, na akiulizwa achague kati ya dizeli na jua atakujibu vizuri.

Asichoweza kukujibu ni kama kisima kitayatoa maji hayo mwaka wa tatu. Katika miamba migumu maji hukaa kwenye nyufa. Ili kujua uwezo wa kisima, unapampu kwa kiwango kisichobadilika kwa saa 24 hadi 72, huku ukipima kina cha maji kila baada ya muda, halafu unazima na kutazama yanavyopanda kurudi. Mmarekani Charles Theis alitupa hisabati ya jambo hili mwaka 1935, na bado ndiyo tunayoifundisha. Lakini Theis alifikiria tabaka pana lenye sifa zilezile kila upande. Penye nyufa, maji hushuka kwa upole mpaka yaupite ufa mkuu, kisha yanaporomoka ghafla. Jaribio la saa chache lililofanywa masika linaweza kukupa namba ya kupendeza ambayo kiangazi kitaikana. Na kambini, watu wakiwa wamepanga madumu foleni, nani atakubali pampu ifanye majaribio siku tatu? Mtendeli ilijulikana kwa uhaba wa maji. Mwanafunzi aliyekomea kwenye kitabu atasema pampu ilikuwa ndogo. Aliyekaa na visima misimu miwili ataanza kwa kuomba daftari la vipimo.

Utafiti mzuri hutoka hapohapo kwenye daftari. Mwaka 2013, katika kambi za Sudan Kusini, mhandisi Syed Imran Ali na wenzake walifuatilia klorini kutoka bombani hadi kwenye ndoo za nyumbani. Mwongozo uliozoeleka ulitaka miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita pale bombani. Waligundua kwamba kwa joto lile, na kwa saa nyingi ambazo maji hukaa ndani ya chombo, dawa ilikuwa imekwisha kabla mtoto hajanywa. Kutokana na kazi hiyo ilizaliwa programu inayokokotoa kipimo kinachofaa kila kambi kutokana na takwimu za kambi hiyohiyo, na sehemu yake inatumia hiyo akili mnemba ya makongamano. Chuo kilichoilea ni York cha Toronto. Vifaa vilivyohitajika ni kipima klorini, saa, kalamu na ruhusa ya kuingia nyumba za watu. Sioni kilichozuia kazi ya aina hiyo kutoka Dar es Salaam au Arusha.

Na tunaweza. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alishinda tuzo ya kwanza ya Afrika ya ubunifu wa uhandisi mwaka 2015 kwa kichujio kinachorekebishwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika. Ukanda ule una floridi nyingi, inayoharibu meno na mifupa, na chuo kiko juu ya tatizo lenyewe.

Kigoma haina bahati hiyo ya kuwa na chuo cha uhandisi karibu. Uhandisi wa vyuo vikuu Afrika Mashariki ulianzia Nairobi, na Watanzania walikuwa wakiufuata huko hadi Dar es Salaam ilipofungua kitivo chake mwaka 1973. Kwa mradi wa elimu ya juu wa mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia, Kigoma imepata tawi la Muhimbili. Madaktari tunawahitaji, sawa, ingawa sehemu ya wagonjwa wao watakuwa wametumwa na maji machafu.

Mlango mmoja wa kufundisha kukaa na kilichojengwa uko wazi tayari. Wanafunzi wa uhandisi huenda mafunzo kwa vitendo (field), na wahitimu wana mpango wa miaka mitatu wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi chini ya wahandisi wazoefu. Tatizo ni kwamba field nyingi huishia kwenye ujenzi unaoendelea, maana ndiko kuna makandarasi na posho. Barabara ya Kabingo hadi Manyovu, kilomita 260, imeipa nyanda hii saiti ya kujifunzia udongo na lami. Mradi uliokabidhiwa miaka mitano iliyopita haumpokei mwanafunzi yeyote.

Kuna pia wanafunzi ambao hatuwahesabu. Watoto wa Warundi kambini wamekuwa wakisoma mtaala wa Burundi, kwa Kirundi na Kifaransa, na sheria ya wakimbizi ya 1998 inawabana kambini. Lakini vijana waliotengeneza jenereta na kutibu maji kambini wana miaka ya mazoezi ambayo hakuna chuo kilichoyapima. Katika kambi ya Azraq, Jordan, Chuo Kikuu cha Purdue kiliendesha kozi ya uhandisi ambamo wakimbizi walichagua wenyewe matatizo ya kambi yao na kuyasanifia suluhisho. Nduta na Nyarugusu zingeweza kupokea kozi kama hiyo, kwa Kiswahili, bila kungoja jengo.

Kwa Mtendeli yenyewe, kazi ya kwanza ni kukusanya kumbukumbu za uchimbaji na majaribio ya pampu, kuziweka pamoja katika ofisi ya Bonde la Ziwa Tanganyika mjini Kigoma, na kuzifungua kwa watafiti. Kisha wakala wa maji vijijini, RUWASA, na chuo kimoja wakubaliane juu ya visima vichache vya kupimwa kila mwaka na wanafunzi walewale. Msimu unafaa: wanafunzi huwa field kati ya Julai na Oktoba, na hiyo ndiyo miezi ambayo visima vya nyanda hizi hushuka kabisa.