Maji Yaoshayo Yakiingia Damuni



Dini yetu yatufundisha kiasi katika kila jambo. Hata atawadhaye kando ya mto, kama hii mito yetu ya Usambara, hakuruhusiwa kuyafuja maji. Maji ni uhai, lakini yakipita kiasi huwa madhara. Na jambo hili ni kweli hata katika chumba cha upasuaji.

Wanaume wengi wafikapo uzeeni hukua tezi dume, ikabana njia ya mkojo. Mzee wa Mlalo au Mtae huificha taabu hiyo kwa haya, mpaka mkojo ufungapo kabisa, ndipo vijana wamteremshe Mombo usiku kumtafutia tabibu. Hospitalini tezi hupasuliwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kufungua tumbo. Ya pili ni kupitisha chombo chembamba katika njia ya mkojo na kuikwangua tezi kwa waya wa umeme.

Njia ya pili haiachi jeraha tumboni, lakini yahitaji maji yapite daima yakiosha damu, daktari apate kuona. Hapo ndipo ilipo hatari. Mishipa iliyokatwa huyanywa maji hayo, na damu ikazimuliwa. Chumvi ya damuni, ambayo kipimo chake cha kawaida ni milimoli 135 hadi 145 kwa lita, hushuka, na ubongo ukavimba.

Zamani yalitumiwa maji matupu, na chembe za damu zikapasuka. Mwaka 1947 Daktari C. D. Creevy wa Marekani aliwaonya wenziwe. Baadaye maji yakatiwa glisini: chembe zikasalimika, lakini chumvi iliendelea kushuka. Vyombo vipya hutumia maji ya chumvi, nayo ni salama zaidi. Hata hivyo yakizidi huulemea moyo na kujaa mapafuni.

Madaktari huchukua hadhari. Hupima maji yaingiayo na yatokayo, hawautundiki mfuko juu mno, na hujitahidi kumaliza katika muda wa saa moja. Aghalabu humchoma mgonjwa sindano ya ganzi mgongoni, abaki macho, ili akianza kuhangaika au kusema ovyo ijulikane mara moja.

Nasi jamaa tuna wajibu wetu. Kwanza, tumwahishe mzee kwa tabibu kabla mkojo haujafunga. Pili, tuwaeleze madaktari kweli yote: maradhi ya moyo, ya figo, na dawa zote atumiazo, hata za mitishamba. Tatu, na hili ndilo kubwa: akisharudi wodini, akatapika, akahema, akalalamika kuwa haoni vyema, au akaanza kuweweseka, tusiseme ni uzee, wala tusiseme amepandwa na jini. Tumwite muuguzi saa ile ile. Kisomo na dua ni haki ya mgonjwa, lakini asomaye na asome muuguzi akiwa ameshaitwa. Kuchelewa huweza kuleta degedege, kuzimia na hata mauti, hali matibabu yake yajulikana.

Kutafuta dawa hakupingani na kumtegemea Mwenyezi Mungu. Twamwomba awaponye baba zetu na babu zetu, na atujaalie kuwa macho pembeni mwa vitanda vyao. Amin.