Je, Wajua? Likizo ya Zanzibar Huanza na Mwezi

Je, wajua kwamba anayepanga likizo Zanzibar angefanya vyema kuutazama mwezi kabla ya bei ya hoteli? Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, bahari huwa katika bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Baada ya juma moja hivi huja maji mafu, na tofauti hiyo hushuka hadi karibu mita 1.

Je, wajua kwamba siku za bamvua maji ya Unguja hupwa kabisa mnamo saa 4 asubuhi, na kujaa kabisa mnamo saa 10 jioni? Kwenye maji mafu mambo hugeuka: saa 4 asubuhi bahari imejaa. Kila siku nyakati husogea mbele kwa kiasi cha dakika 50. Mwenye watoto wanaotaka kuogelea wakishamaliza tu kifungua kinywa na achague juma la maji mafu. Anayetaka kutembea pwani iliyokauka akawaone majongoo na viti vya pweza, na aje bamvua, tena avae viatu.

Je, wajua kwamba ufukwe nao una tabia yake? Paje, Bwejuu na Jambiani, upande wa mashariki, ni tambarare. Maji yakipwa huenda mbali hadi mgeni asiyejua akadhani bahari imemkimbia. Nungwi na Kendwa, kaskazini, kina kiko karibu na unaogelea takriban saa zote. Mimi nausifu mashariki hata hivyo, kwa sababu maji yakitoka ndipo kina mama wanapoingia kwenye mashamba ya mwani, kilimo kilichoanza kibiashara mwaka 1989. Vile vijiti na kamba unavyoviona mchangani ni shamba la mtu. Zunguka, usikanyage.

Je, wajua kwamba pepo mbili zilizoendesha majahazi ndizo zinazoamua likizo yako hadi leo? Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, huja na joto. Ndiyo iliyoleta vyombo kutoka Omani na Ghuba. Kusi, iliyovirudisha kwao, huvuma kwa nguvu zaidi kati ya Juni na Septemba, na usiku huwa wa baridi kidogo. Katikati ya pepo hizo kuna masika: Aprili na Mei mvua hunyesha kwelikweli, bei hushuka, na baadhi ya hoteli hufungwa.

Je, wajua kwamba Zanzibar jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na mapema Oktoba? Adhuhuri ya siku hizo fimbo iliyosimama wima haina kivuli. Chukua kofia.

Mafuta ya kujikinga na jua nayo yana neno. Je, wajua kwamba nchi ya Palau, katika Bahari ya Pasifiki, ilipiga marufuku mwaka 2020 yale yenye kemikali zinazodhuru matumbawe? Anayekwenda kuogelea juu ya matumbawe ya visiwa vya Mnemba au Chumbe avae fulana ya mikono mirefu. Yatosha.

Na aliyezamia kwa mtungi wa hewa asipande ndege siku hiyo hiyo. Mapendekezo ni kungoja angalau saa 12 baada ya kuzamia mara moja, na saa 18 kama umezamia mara kadhaa. Basi panga kuzamia mwanzoni mwa safari, si siku ya mwisho.

Je, wajua kwamba chanjo ya homa ya manjano inahitaji siku 10 kabla cheti hakijawa halali, na kwamba tangu 2016 cheti hicho hudumu maisha yote? Wajua pia kwamba tangu 1 Oktoba 2024 wageni wa ng'ambo hutakiwa kukata bima ya Zanzibar yenyewe, dola 44 kwa mtu mzima, hata kama wana bima ya kwao? Mifuko ya plastiki iache nyumbani. Zanzibar iliikataza tangu 2006.

Je, wajua kwamba Ramadhani hurudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka? Itafute kwenye kalenda. Mchana migahawa mingi ya mjini hufungwa, na kula barabarani ni kuwavunjia wenyeji heshima. Lakini magharibi ikifika, hakuna wakati mtamu zaidi Mji Mkongwe.

Je, wajua kwamba Kizimkazi, wanakokimbilia wengi kuwaona pomboo, kuna msikiti wenye maandishi ya mwaka 1107? Wapitao mbele yake bila kusimama ni wengi mno, nami huwasikitikia. Beit el Ajaib nalo, jumba la mwaka 1883 huko Mji Mkongwe, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Ulizia hali yake kabla ya kuliweka kwenye ratiba.

Ukishapata tarehe, mpigie simu mwenyeji wako. Kabla hujatuma hata shilingi, muulize: siku hizo ni bamvua au maji mafu?